Nilifukizwa ubani Ngamiani kisa vitenzi vya Kiitaliano

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, na sina faida yoyote ya kuwadanganya.

Nilikuwa na intavyuu ya kuongoza watalii wa Kiitaliano msitu wa Amani. Muda mrefu sina kazi, nakula kwa shangazi yangu Ngamiani, na aibu ilishanifika shingoni. Hii nilikuwa naitaka kwa roho yote.

Shida ilikuwa kusema "ningependa" na ndugu zake.

Vorrebbe, yaani angependa, haina noma. Zile b pacha unazipa talaka, moja huku nyingine kule: vor-REB-be. Mkazo silabi ya pili toka mwisho, kama Kiswahili chetu.

Ikija "wangependa" ndo balaa. Vor-REB-be-ro. Mkazo unagoma kuhama, unabaki REB. Ulimi wangu wa Kitanga kila saa vorreb-BE-ro.

Nikaamua kusoma kama tulivyosoma Kurani chuoni utotoni: macho nimefumba, nayumba mbele nyuma, kofi kila penye mkazo.

Shangazi akachungulia. Akaona natoka jasho, nabwata maneno asiyoyajua.

Mara kaja na fundi wa kupunga pepo, bibi mmoja mkali, pamoja na mama kadhaa, mashoga zake. Nikafunikwa shuka, chetezo cha ubani chini yangu.

"Ewe uliye kichwani, watoka wapi?" fundi akauliza.

"Shikamoo bibi. Hiki ni Kiitaliano, nina intavyuu!"

"Marahaba." Akawageukia wenzake. "Ni Muitaliano. Ana adabu, mwacheni aseme haja yake."

Wakuu, nilikuwa nakohoa kama trekta. Nikaona bora niseme yote niachiwe.

Vorrei, vorresti, vorrebbe, vorremmo, vorreste, vorrebbero. Wale mama wakadhani ndo wimbo wa pepo, wakaitikia kwa makofi. Kofi likatua silabi ya pili kila neno, yote sita! Kumbe miye nilikuwa nahesabu toka mwisho, wakati ukihesabu toka mwanzo mkazo hauhami.

Tukarudia mpaka ubani ukaisha.

Kwenye intavyuu lile vorrebbero lilitoka lenyewe. Nikapewa kazi palepale. Nilirudi nyumbani machozi yananilenga, sioni haya kusema.

Shangazi alikuwa mlangoni. "Limetoka?"

"Halijatoka, shangazi. Limeajiriwa."

Akanichapa na kanga, kisha akalia yeye.

Somo: ukitaka kusoma lugha kwa sauti uswahilini, aga majirani kwanza. Nani mwingine elimu imemfikisha kwenye chetezo? Tiririkeni, hata kejeli ruksa.