Nilipokuwa Maiti kule Sydenham

Juzi nilipita Sydenham, mtaa wa ugenini nilikokulia, kwenye jengo letu la zamani, nikakuta veranda ya ghorofani imefungwa vyuma kama benki. Eish, rafiki yangu, pale ndipo nilipokufa mara nyingi sana nikiwa mtoto.

Aliyeniua alikuwa mama jirani, Mkongomani kama sisi, mwandishi wa Kifaransa. Mkate aliupata kwa kutafsiri riwaya za wengine, na jina lake lilikuwa limechoka kukaa kwa herufi ndogo ndani ya vitabu vya watu. Riwaya yake mwenyewe aliiandika alfajiri, kabla bibi yangu hajaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kutikisa ukuta. Tukio likimtia shaka, alituita watoto tuliigize. Kwenye tukio la matanga, maiti nilikuwa mimi. Alisema hiyo ndiyo njia pekee ya kuninyamazisha.

Wenzangu, wakiigiza wajukuu wa marehemu, walinitania kama ilivyo desturi ya msibani kwetu. Walichechemea kama mimi, wakanidai nyama niliyowanyima nikiwa hai. Bibi alikaa mlangoni akicheka mpaka machozi. Kilio bila utani, alipenda kusema, ni mkutano wa serikali.

Siku moja tukiwa katikati ya msiba, simu ikalia: mhariri wake kutoka Paris. Mama jirani akaweka spika. Riwaya nzuri, bwana yule akasema, watakichapa kitabu, ila ule utani wa msibani utoke. Wasomaji watadhani Waafrika hawana huzuni. Usipotoka, basi tena.

Kifaransa tulikijua vya kutosha kuelewa kwamba tunatukanwa. Nikaketi, maiti mzima. Bibi aliacha kucheka. Sote tulimtazama mama jirani, maana kitabu kile alikisubiri tangu mimi sijaota meno.

"Bwana," alimjibu taratibu, "nimetafsiri vitabu vyenu miaka yote, na sijamfuta mtu wenu hata mmoja. Wangu hawatoki."

Akakata simu. Kisha akanigeukia: "We maiti, nani kakuambia uamke? Rudi chini. Kazi iko."

Kitabu hakijachapwa mpaka leo. Mama jirani alihama, bibi tulimzika, na watoto wa jengo lile sasa wanafundishwa kutembea kimya. Wakubwa husema alijiharibia kwa kichwa kigumu. Mimi nakataa. Walioharibikiwa ni wale wasomaji wa kule, ambao hawajawahi kukutana nasi. Shauri yao.