Santuri tano nilizozipenda mwaka huu, na jinsi nilivyomharibia jina mwenye ile ya kwanza

Jumapili, 26 Desemba 1948. Asubuhi jua kali na upepo wa kaskazi, mchanga unaingia hadi kwenye chai. Baada ya adhuhuri manyunyu mafupi, hayakulowesha hata makuti.

Wakuu wangu wa baraza, salaam aleikum. Na Wakristo miongoni mwetu, heri ya sikukuu ya jana.

Daftari limefika kwangu. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyekaa darasani miaka miwili na nusu, mtanivumilia. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia. Nikifika mahali pa kukisia nitasema hapa nakisia.

Kwa atakayelifungua daftari hili bila kutujua: sisi ni wasikilizaji wa santuri, watu kumi na mmoja, wa hapa Bofu, Likoni. Tunakutana Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, barazani kwa Mzee Kombo, aliyekuwa mpishi wa meli na ndiye mwenye gramafoni.

Mwaka ukikaribia kwisha, daftari linapita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja anaandika santuri tano alizozipenda kuliko zote zilizoingia mwaka ule, na wenzake wanachangia chini yake. Matusi hayaruhusiwi, ingawa mwaka jana yaliandikwa.

Orodha yangu niliyoitayarisha tangu Oktoba ilikuwa hii.

Ya tano, "Nanasi la Tiwi". Ya kuchekesha, ila mwanamke anayeitikia ni kama ameamshwa usingizini.

Ya nne, ile rumba ya ng'ambo yenye lebo nyekundu. Maneno yake hatujui hata moja. Bi. Riziki anashikilia kwamba wanaimba habari za samaki. Amejuaje, hasemi.

Ya tatu, "Barua Haina Miguu". Fidla safi. Mwimbaji nilimwona kama mzee aliyefiwa karibuni.

Ya pili, "Ukuta wa Jirani". Hii nilibishana na nafsi yangu wiki nzima kama iwe ya kwanza.

Ya kwanza, "Nimekuachia Mlango", ya Juma Mwakozi. Udi na sauti tu, basi. Sauti nzito, haina haraka. Niliandika pembeni: "Huyu ni mtu mkubwa wa mwili, ameona mengi, na mkewe hakurudi."

Karibu sote tuliiweka ya kwanza. Mnakumbuka.

Orodha hiyo nimeipiga mstari. Sababu ndiyo hii ninayotaka kuwasimulia.

Mwezi wa Novemba Bi. Riziki, mwuza mahamri na mwenzetu wa baraza, alikuwa anamwoza bintiye. Akasema hataki mwimbaji mwingine ila Juma Mwakozi mwenyewe. Akaulizia mpaka akaambiwa yuko Changamwe, anafanya kazi mabohari ya reli. Akampelekea habari, naye akakubali.

Siku tatu kabla ya harusi Mwakozi alivuka na feri, udi wake ndani ya mfuko wa gunia, akaletwa barazani tumsikie kwanza.

Alikuwa mtu mwembamba, mfupi, wa miaka thelathini hivi. Hilo peke yake lilinikera, nakiri. Nilikuwa nimeshamwumba kichwani mwangu.

Akaimba. Sauti nyembamba, ya juu, inakwenda mbio.

Bi. Riziki akamwacha amalize ubeti mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi tumemwita mwenye wimbo. Wewe ni mjukuu wake?"

"Mwenye wimbo ndiye mimi, mama."

"Basi sauti umeisahau kwenye feri?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, naliandika hilo.

Mzee Kombo akasema isipite dhulma, santuri ipigwe watu walinganishe. Ikapigwa. Ile sauti nzito ikatoka, ile tuliyoizoea.

Hapa nisimame kidogo. Mwakozi hana gramafoni, wala jirani zake hawana. Tangu aimbe mbele ya ile mashine ya kurekodi mjini, alikuwa hajaisikia santuri yake hata siku moja. Sisi hatukumwuliza.

Aliinama karibu na gramafoni, akasikiliza upande mzima. Sindano ilipoinuliwa akasema, taratibu:

"Maneno ni yangu. Na udi ni kama wangu. Lakini huyo si mimi."

"Mmesikia?" Bi. Riziki akapiga makofi. "Kasema mwenyewe! Kwa kinywa chake!"

Mzee Kombo akamwambia, "Nenda salama, kijana. Mungu akusamehe."

Akaomba maji, akanywa, akauvika udi wake gunia, akashika njia ya feri.

Siku ile niliandika kwenye kitabu changu cha nyumbani: "Leo tumemgundua mwongo." Ukurasa huo upo. Sijauchana.

Harusi ikapita kwa chakacha ya wanawake, na ilikuwa nzuri.

Maneno nayo yakapita. Kila mmoja wetu alimwambia mtu. Ikafika Mtongwe, ikafika Kisauni. Harusi mbili alizokuwa ameitwa wakamwambia asije. Huko mabohari ya reli wakampa jina, Bwana Si-Mimi. Mtu akimwita kazini, mwenzake anaitikia kwa niaba yake, "Siye huyo!"

Na baya zaidi ni hili. Watu wa duka la mjini, wale waliomrekodi, walimtumia ujumbe aje aimbe santuri ya pili. Yeye alikuwa tayari ameamini kwamba walichukua maneno yake wakamtia mtu mwingine aimbe. Akawarudishia jibu: "Mwiteni huyo mliyemtia badala yangu." Wakaona ni mtu mwenye kiburi, wakamwacha.

Haya yote niliyajua baadaye, kutoka kwake mwenyewe.

Sasa nije kwangu.

Jumamosi ya pili ya mwezi huu nilibaki kwa Mzee Kombo baada ya nyinyi kuondoka, nikitaka kuandika maneno ya upande wa pili. Wengi hamjui huwa nayapataje hayo maneno ninayowasomea, hata mkaniita karani. Mkono wangu ni mzito. Mwimbaji anamaliza ubeti, mimi bado niko mstari wa kwanza. Pale kwenye gramafoni, chini ya sahani, kuna kijiti cha mwendo, upande mmoja kumeandikwa Slow, yaani polepole, na upande wa pili Fast, yaani haraka. Nakisukuma kwenye Slow, naandika, halafu nakirudisha.

Nilikuwa nikiamini kwamba nakirudisha.

Siku ile, kabla sijakigusa, nilikikuta tayari kiko kwenye Slow. Sikufikiri kitu. Nikakisukuma tena, mpaka mwisho. Mwakozi akaanza kuunguruma kama ng'ombe.

Nikainua sindano. Nikakaa.

Kwenye lebo pameandikwa 78. Nilikuwa nikiiona namba hiyo mwaka mzima nikidhani ni namba ya santuri. Nikamwuliza Mzee Kombo, naye akajibu akiwa amejilaza, "Mizunguko hiyo. Ya dakika moja. Hukujua, karani?"

Sikujua. Nikaazima saa yake ya mfukoni. Kijiti nikakirudisha pale nilipokikuta. Nikabandika kikaratasi kwenye santuri kwa tonge la sima, nikahesabu kila kikipita mbele yangu.

Sitini na moja. Nikarudia. Sitini na mbili. Nikarudia mara ya tatu, kwa kuwa hesabu zangu siziamini. Sitini na moja.

Nikakisogeza kijiti upande wa Fast, kidogo kidogo, nikihesabu kila mara, mpaka nikapata sabini na nane. Maghrib ilikuwa imekaribia. Nikaweka sindano.

Mzee Kombo akainuka kitini. "Nani kamrudisha yule kijana?"

Hakuna aliyekuwa amemrudisha, wakuu. Ilikuwa santuri.

Nimejaribu kuwa mwadilifu katika jambo hili, hata kwa nafsi yangu. Je, kijiti hakikuteleza chenyewe? Nimepiga santuri ishirini mfululizo nikikitazama, hakikuteleza. Je, ni Mzee Kombo? Ana mtoto wa jicho, kijiti hicho hakioni, na kwa desturi yetu hakuna mwingine anayeigusa mashine ila yeye na mimi. Basi ni mimi. Tangu lini? Maneno ya kwanza niliyoyaandika ni ya Machi. Hapa nakisia: tangu Machi.

Hata zile santuri za zamani zilikuwa zimekuwa nzito, nanyi mkasema zimezeeka kama sisi. Hazikuzeeka.

Jumapili iliyopita, kwa ruhusa ya Mzee Kombo, niliifunga gramafoni kwenye sanduku lake, nikavuka nayo, nikapanda basi la Makupa hadi Changamwe. Ndiyo maana mlikuta baraza kimya.

Nilimkuta anafua mashati nje ya chumba chake. Hakunikaribisha.

"Karani wa Likoni," akasema. "Umeniletea sauti yangu?"

"Nimekuletea."

Nikaifungua pale pale juu ya kiti cha jirani, nikapiga kwa mwendo wake. Akasimama na shati mkononi, maji yanamchirizikia miguuni. Mama mmoja akatoka chumba cha pili na upawa wake, akasema, "We Juma! Ndiwe huyo, wallahi!"

"Ndiye mimi," akasema.

Nikamweleza habari ya kijiti, na ya mkono wangu. Nilipomaliza akasema, "Hebu mrudishe yule mwingine."

Nikarudisha kijiti pale kilipokuwa mwaka mzima. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu anaimba," akasema. "Lakini ana huzuni ya nini? Wimbo wenyewe ni wa kumtania mke aliyechelewa ngomani. Asubuhi anarudi, anakuta mlango wazi na mume anakoroma."

Nikaona aibu kwa niliyoyaandika pembeni.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Akasema amesikia santuri tunaziandikia daraja. Yake ilikuwa ya ngapi?

"Ya kwanza."

"Na sasa, kwa mwendo wake?"

Ningeweza kumdanganya, na pengine wengine wangeona ndiyo adabu. Lakini nilikuwa nimeshamsema uongo mara moja bila kujua, sikutaka mara ya pili ninajua.

"Ya tatu," nikamwambia.

Akalikamua lile shati, akalitundika, akalinyoosha mikono.

"Ya tatu ni yangu," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu ambaye hayupo."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi yangu ameipokea, ila ni ya mtu mmoja. "Walionicheka pale barazani mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, nami nikiwemo."

"Na kila mmoja alimwambia mtu. Basi kila mmoja arudi kwa yule yule aliyemwambia. Mimi sivuki kuja kuthibitisha kuwa mimi ni mimi. Nilishavuka."

Ijumaa tulikwenda wote wawili kwenye lile duka la mjini, nikaeleza kosa langu. Mwenye duka alitusikiliza vizuri. Akasema waimbaji wa safari hii wamekwisha kuchaguliwa, na safari nyingine hajui itakuwa lini. Kwa hiyo santuri ya pili ya Juma Mwakozi haipo, na sijui kama itakuwapo. Hilo sina namna ya kulirudisha kwa kijiti.

Orodha yangu iliyosahihishwa, kila moja kwa mizunguko sabini na minane:

Ya kwanza ni "Ukuta wa Jirani". Ya pili, rumba ya lebo nyekundu. Ya tatu, "Nimekuachia Mlango". Ya nne, "Nanasi la Tiwi", na yule mwanamke yuko macho kabisa, namwomba radhi. Ya tano "Barua Haina Miguu", ambayo mzee wake aliyefiwa ni kijana, na wala hakufiwa.

Nasema kweli, ile sauti nzito bado naikumbuka, na bado naipenda. Sijui nifanye nini na mapenzi hayo. Labda mwenye elimu kunizidi atanieleza.

Bi. Riziki nimemwambia kwa mdomo, jana, kwa kuwa hasomi. Alikung'uta unga mikononi. Kisha akasema, "Mtongwe nilikwenda mimi mwenyewe. Nitaanzia huko." Akaniuliza kama Mwakozi anakula mahamri.

Funzo nililolipata ni dogo, na huenda nimekosea: mtu akisema "huyo si mimi", kabla ya kumcheka, itazamwe kwanza ile mashine tunayomsikilizia.

Naomba sasa mchangie. Anayeona orodha yangu ni mbovu aandike. Anayeona kosa si langu peke yangu, au ni langu kuliko nilivyosema, aandike pia. Lakini kabla ya yote hayo, kila mmoja aandike hapo chini jina lake, na majina ya wale aliowaambia, na siku atakayokwenda kwao. Daftari likirudi kwangu nitalipeleka Changamwe alisome.

Naanza mimi. Niliwaambia watu wanne: fundi wa viatu, kaka yangu, na makarani wawili wa pale feri. Nitakwenda kesho.

Mke wangu, Mishi, amesikia ninavyolisoma hili kwa sauti. Amesema yeye si mtu wa baraza, lakini aliwaambia wanawake watatu kisimani, na kwamba aliigiza na kuigiza kule kuimba kwa Mwakozi hadi wakaketi chini kwa kucheka. Amenitajia majina yao, nimeyaandika chini ya yangu.

Jioni hii tumekula bada la muhogo na samaki wa ng'onda kwa mchuzi wa nazi, na embe moja tukagawana.