Gari Langu Lilikunywa Petroli, Nikaambiwa Nina Hawara

Wapo wanaoachwa kwa kufumaniwa. Mimi niliachwa kwa sababu ya tangi la mafuta.

Cheka tu, ndugu msomaji. Hata mimi mwanzoni nilicheka.

Gari lenyewe alinipa marehemu baba macho yake yalipoanza kufifia. Gari la zamani, rangi imebabuka, namba za kilomita ziliganda tangu enzi zake. Lakini linawaka, linatembea. Mimi nashona sare za shule, na gari hilo ndilo lilikuwa miguu yangu ya kupeleka mzigo madukani.

Mume wangu ndiye aliyekuwa anajaza mafuta. Ndiye aliyelipeleka gereji pia. Mimi kazi yangu kushona na kuendesha.

Basi, siku moja akaniuliza, "Mama, hivi wewe unakwendaga wapi?"

"Wapi tena? Si madukani."

"Madukani ndiyo mafuta yanaisha hivi?"

Nikadhani utani. Kumbe mwenzangu kaanza safari.

Kuanzia hapo kila jioni anatoka na simu yake, anafungua mlango wa gari, anapiga picha mshale wa mafuta. Asubuhi anapiga tena. Kanuna kama mtu aliyeng'olewa jino.

Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya injini, ya njano, inawaka haizimi. Nilimwonyesha.

"Hiyo ni taa ya uzee tu," akasema. "Achana nayo."

Nikaachana nayo. Mume kasema, nani mimi nibishe?

Halafu akaita kikao.

Nakumbuka sebule ilivyojaa. Mama mkwe kwenye kochi kubwa, wifi yangu pembeni, wajomba zake wamebanana kwenye viti vya plastiki. Upande wangu alikuwepo mama yangu peke yake, kaukumbatia mkoba.

Mume wangu akasimama na simu mkononi kama wakili.

"Hapa tangi limejaa. Hapa limebaki robo. Na madukani ni hapo tu, kila mtu anapajua. Sasa naomba aniambie, haya mafuta mengine anampelekea nani?"

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Wifi akaguna. Mjomba mmoja akatikisa kichwa.

"Sina mtu," nikasema. "Naapa sina mtu."

"Basi gari linakunywa lenyewe?" wifi akadakia. Watu wakacheka.

Nilimtazama mama yangu. Alikuwa anaangalia sakafu. Sitasahau hilo. Mama yangu mzazi alikuwa anaangalia sakafu, na mimi nikajua na yeye ana shaka.

Nikarudishwa nyumbani kwetu na cherehani yangu na hilo gari.

Sasa sikiliza. Kule kwetu nikawa najaza mafuta mwenyewe. Kutoka kwa mama mpaka madukani ni pua na mdomo. Na mafuta yanaisha vilevile!

Nikakaa kwenye usukani nikajiuliza: haya, na huyu hawara wa sasa ananijia saa ngapi?

Isitoshe, moshi ulikuwa mweusi na gari linanuka petroli mpaka nguo za wateja zinanuka. Nikalipeleka kwa fundi yuleyule aliyekuwa akilihudumia, maana ndiye niliyejua anapatikana wapi.

"Karibu shemeji," akasema. Uso wake ulisita kidogo. Nikadhani kasikia habari za kuachwa kwangu.

Nikamweleza. Akafungua boneti, akatoa plagi moja ya injini, akanionyesha. Nyeusi tii, kama imechovywa kwenye masizi.

"Linapewa mafuta mengi kuliko linavyohitaji," akasema.

Akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. "Ni sensa ya oksijeni."

"Fundi, mimi sensa ninayoijua ni ya kuhesabu watu."

Akacheka. Akainama, akanionyesha kidude kilichochomekwa kwenye bomba la moshi, kina waya mkiani.

"Hiki ni pua ya gari. Kinanusa moshi, kinaiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Sasa hiki kimekufa. Kila saa kinasema mafuta hayatoshi. Kompyuta inaamini, inaongeza. Inaongeza. Inaongeza."

Akanionyesha namba kwenye kioo cha mashine. Ilitakiwa iruke juu na chini, yenyewe imelala tu. Akapulizia petroli kidogo kwenye njia ya hewa, injini ikakohoa, namba haikutikisika. Akakagua bomba lisije likawa limetoboka. Bomba zima. Akapima nyaya. Nzima.

"Basi ni chenyewe," akasema.

Kilikuwa kimeshika kutu, hakitoki. Alikipulizia mafuta ya kulainisha, akaacha injini ipate moto, akakivalia spana ndefu na kuning'inia nayo mpaka kikalia kwaa! Akafunga kipya, akafuta kosa kwenye kompyuta, akawasha.

Namba ikaanza kuruka. Juu, chini, juu, chini. Ile taa ya uzee ikazimika.

Machozi yakanitoka palepale gereji. Nikakiokota kile kidude kibovu, nikakifunga kwenye kitambaa.

"Fundi, nakuomba jambo moja. Twende wote ukamwambie mume wangu na ndugu zake. Waeleze kama ulivyonieleza mimi. Ndoa yangu itapona."

Fundi akachukua tambara akaanza kufuta mikono. Akafuta. Akafuta. Mikono ilishakuwa safi, bado anafuta.

"Shemeji," akasema, "nikienda kule nitamwambia nini asichokijua?"

"Una maana gani?"

"Alilileta hapa kabla ya hayo yenu yote. Nilipima, nikamwonyesha hiki hiki. Nikamwambia kitakumaliza kwa mafuta. Akasema niache kwanza. Akaniomba nisikwambie, eti utaogopa kuendesha."

Niliingia kwenye gari, nikaenda moja kwa moja kwa mume wangu.

Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Mume wangu akatoka ndani, kifua wazi. Nyuma yake, kwenye kamba yangu ya nguo, kulikuwa na magauni ambayo si yangu.

"Ulijua," nikasema.

Hakuuliza nazungumzia nini.

"Huyo fundi hawezi kufunga mdomo," akasema.

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba umenichoka? Ningeondoka."

Akajikuna shingo. Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida.

"Ningesema hivyo, lawama ingekuwa yangu."

Basi. Hiyo tu. Jina langu, heshima ya mama yangu, vyote aliviuza ili yeye asilaumiwe.

Mama mkwe aliyasikia yote. Hakuinua macho. "Yaishe, mwanangu," akasema. Mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Kikao kingine hakikuitwa. Hakuna mjomba aliyenipigia simu. Kwa ukoo ule mimi bado ni yule mwenye hawara, na yule mwanamke mwenye magauni alitambulishwa sebuleni kama mkombozi wa mtoto wao. Nilipomweleza mama, alilia sana, akaniomba msamaha. Nikamsamehe. Lakini tangu siku ile kuna kitu baina yetu hakijakaa sawa, na wote wawili tunajifanya hatukioni.

Wewe unayesoma, nikuachie hili. Mtu wako akianza kukukagua, usihangaike kumtafutia ushahidi kwamba huna kosa. Mimi nilihangaika, nikaupata, nikampelekea mkononi. Nikakuta anao tangu zamani. Mkalishe chini umuulize mapema: wewe unataka nini? Jibu litauma. Ila utaondoka na jina lako.