Mteja Mkorofi na Mke Mwenziwe

Likizo hii nilipewa kazi niliyozaliwa nayo: ukorofi. Kulikuwa na mafunzo ya wanasihi, hawa wanaotibu watu kwa mazungumzo, katika ukumbi mmoja wa Ngamiani, na mkufunzi alitaka vijana wa kuigiza wateja wasumbufu. Mwalimu wetu wa nidhamu hakusita. "Mchukueni huyu," alisema, "na mkimpenda, bakini naye."

Kanuni ilikuwa hivi. Mteja unaanzisha ugomvi, unasusa, unamwambia mnasihi hajui kitu. Yeye asijitetee wala asikimbilie kukubembeleza; auweke ugomvi mezani, muutazame pamoja. Mwisho mkufunzi anakuuliza swali moja: ungerudi kwake? Ukisema hapana, mwanafunzi kaanguka.

Asubuhi nilimwambia mwanafunzi mmoja, kaka aliyevaa tai, kwamba anatazama saa kama abiria aliyeachwa na basi. Akaivua, akaitia mfukoni, akaniomba radhi kwa niaba yake na ya wazazi wake.

Kisha akaja bibi. Muuguzi mstaafu wa Maramba, miwani ya kamba shingoni, ameshaanguka mara moja na hili ndilo jaribio lake la mwisho. Zahanati ya kwao imemwekea chumba cha unasihi. "Nikifeli kinakuwa stoo ya vyandarua," aliniambia wakati wa chai, "nami narudi kugombana na kuku."

Tatizo lake, haudhiki. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, wanamgombea babu, na kwao matusi ndiyo salamu. Kila kijana mbele yake alikuwa mjukuu.

"Hiyo miwani ni ya kuonea au ya kutishia watoto?" nikaanza.

"Ya kutafutia uzuri wako, mke mwenzangu. Mpaka sasa sijauona."

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi akagonga meza. "Mama, huyo ni mteja. Anakuchokoza umwulize kinachomsumbua, wewe unamrudishia."

"Nimesikia, mwanangu."

Nikaongeza moto. "Hujui kitu wewe. Umekaa tu unameza mate."

"Nitakumeza wewe, mke mwenzangu, mume abaki wangu."

Hapo nilikuwa na tusi tamu kwenye ncha ya ulimi, likayeyuka. Bibi yangu wa Moa ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Siku hizi hanitambui. Ananiita mgeni, ananipisha kiti. Nikageukia ukuta. Darasa liliendelea kucheka likidhani naigiza, kumbe nimesusa kweli.

Bibi wa Maramba hakucheka. Akavua miwani, akaiacha ining'inie kifuani.

"Hapo nimekuumiza," alisema. "Kila neno lako nimeligeuza mzaha, na hili la mwisho limekuchoma. Naona jina hilo si langu kukuita."

"Si lako."

"Basi nikasirikie. Mimi nipo hapahapa."

Hakuniambia yatapita, hakunishika bega. Nikakasirika, na ikanoga kweli, mpaka hasira yenyewe ikakosa la kufanya. Nikamgeukia.

"Bibi yangu kanisahau," nikasema.

Ukumbi mzima ukajifanya unatafuta kalamu iliyoanguka.

"Alikuwa akikuita mke mwenziwe?"

"Hata mbele ya wageni. Na babu akiwepo ndiyo kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Sasa mimi nikuiteje?"

"Niite mteja."

"Haya, mteja. Shikamoo."

Mtu mzima ananiamkia mimi, wa kidato cha tatu, nisiyeamkiwa hata na paka. Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mwenyekiti wa mtaa, kisha nikacheka mpaka kwikwi ikanishika.

Mkufunzi akasogea. "Swali letu. Ungerudi kwake?"

Bibi akawa anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena, hanitazami.

"Maramba ni mbali," nikasema, "na kwikwi hii kanipa yeye. Lakini nitarudi. Vyandarua vitafutiwe pengine."