Jina la Baba Mkwe

Kwetu Bugarama mke hatamki jina la baba wa mumewe. Hata likiwa jina la kawaida kabisa, unalizunguka. Niliolewa nikalizunguka, nikafiwa na mume nikaendelea kulizunguka. Mzee mwenyewe hakuona taabu kunifukuza kwa mpini wa jembe kwenye shamba la mpunga la marehemu, mpaka bega likavimba. Shamba hilo ndilo lililowalisha wanangu. Nikaenda polisi.

Askari kijana wa mapokezi alianza kwa upole. "Maman, mwenye alikupiga anaitwa nani?"

Nikainamisha kichwa. Akarudia. Nikaangalia viatu vyake.

"Unashitaki muntu hana jina? Ama unamuficha?"

Hasira ilinipanda. Nimfiche vipi, na mimi ndiye niliyetembea asubuhi yote juani kuja kumshtaki? Lakini kulitamka sikuweza. Ningejiona nimevua nguo mbele ya watu. Nilikuwa nimeshageuka niende zangu, shamba nimelisamehe, mara akatoka askari wa kike wa dawati la jinsia. Dawati hilo lilitangazwa mkutanoni kwenye mudugudu, kijiji chetu, nami nikadhani ni maneno ya mkutano tu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni papa ya bwana yako?"

"Ndiyo."

"Sema tu vile. Na mi niliolewa, kule Giheke, najua. Jina nitaiuliza kwa mukubwa wa mudugudu."

Nusura nimkumbatie. Yule kijana akakuna kichwa, akaniletea kiti.

Mzee alipoitwa, alikuja na kofia yake ya Jumapili na maneno mengi. Askari wa kike akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mzee, huyu maman anaitwa nani?"

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. Miaka yote hiyo aliniita "muke wa mutoto wangu", basi.

"Yeye jina yako anaijua, anaacha kuitaja juu ya heshima," askari akasema. "Wewe ya kwake hauijue."

Sheria ilikuwa upande wangu, na shamba likarudi. Sitasema mzee aligeuka malaika. Alinipita bila salamu msimu mzima, na mimi nikamwacha apite. Lakini juzi, nikiwa napalilia, alisimama kwenye tuta akaniita kwa jina langu. Alilikosea kidogo. Niliitika.