Siku tuliyompelekea kocha valizi

Redio ya mjini ilitoa habari mchana, nikiwa na sketi ya mteja chini ya sindano. Komite ya timu yetu imemwongezea kocha kontra ya miaka miwili. Nilisimamisha mashine. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja nguo zao waliniangalia, maana mtaani kwetu Kadutu kila mtu anajua kwamba uwanjani mimi ndiye ninayewaimbisha mashabiki.

"Maman, umesikia?" mmoja akaniuliza.

"Nimesikia."

"Miaka mbili tena ya kulia!"

Msimu ulikuwa umetuchosha. Wapinzani wetu wa hapa hapa mjini walitufunga nyumbani na ugenini, na tuliponea chupuchupu kushuka daraja. Kocha mwenyewe alikuwa na tabia iliyotukera kuliko kufungwa: bao likiingia, alibaki amesimama na mikono ndani ya koti lake la kijivu, kama mtu aliyejikinga mvua chini ya paa la jirani, anangoja ipite. Sisi tulikuwa tunapasuka koo, yeye kimya.

Mimi ni mshonaji. Jumapili asubuhi naimba kwaya parokiani, mchana naimba uwanjani, na huko uwanjani hakuna padri wa kunichagulia maneno. Nipe neno moja, nitakurudishia wimbo kabla hujafunga mdomo. Sifa hiyo niliipenda sana, kuliko hata sifa ya kushona. Katika mechi ya mwisho ya msimu nilitunga huu, wa kumwambia kocha afungashe sanduku lake la safari:

*Coach, chukua valizi,*
*njia ya Walungu iko wazi.*
*Timu yetu umeiua,*
*enda kulima viazi.*

Walungu ndiko alikozaliwa. Jukwaa zima liliudaka. Kocha aligeuza kichwa mara moja, akatuangalia, kisha akarudi kutazama mchezo. Tulicheka sana. Juma lile niliwasikia watoto wakiuimba bombani wakiteka maji, na nilipita pale nikiwa nimenyoosha shingo.

Basi siku hiyo ya kontra, mpiga ngoma wetu alinipigia simu. Ni kijana mwenye mke na watoto wawili, anaendesha pikipiki ya abiria.

"Maman, hii hatuiache. Leo tunaenda kwake."

"Kwake fasi gani?"

"Muhungu. Nilimubebaka siku moja, nyumba naijua."

"Na tukifika?"

"Tunaimba. Na mimi naleta valizi ya kweli. Tunaiweka mbele ya mulango, tunarudi. Ataelewa."

Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Sikuona ubaya. Hatuendi kurusha mawe, nilijiambia. Wimbo haujawahi kumvunja mtu mguu.

Saa kumi jioni tulikuwa watu kama thelathini, na matawi mikononi, filimbi, ngoma moja, na beseni la kupigia. Valizi ilikuwa nyekundu, yenye magurudumu, na mpiga ngoma aliitoa kwake bila kumwambia mkewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo tulipanda Muhungu tukiteleza na kushikana mikono, huku tukiimba. Watu walitoka milangoni. Wengine walipiga makofi, wengine walitufuata hatua chache. Nilikuwa mbele, na sauti yangu siku hiyo ilikuwa safi.

Tulitegemea jumba lenye geti. Tukakuta nyumba ya mbao, paa la bati lenye kutu, na kamba ya nguo iliyopita uani. Mlango ulikuwa wazi. Kabla hatujaweka chochote chini, akatoka mama mzee mmoja, pekupeku, kitenge kimefungwa kifuani juu ya blauzi. Akaona matawi. Akaona ngoma. Akainua mikono yote miwili na kupiga vigelegele vilivyotufunga midomo.

"Batoto yangu! Nimewasikia toka kule chini! Munataja Walungu! Munataja kwetu!"

Alikuwa mama mzazi wa kocha. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kimechanganyika na Mashi, lugha ya kwao, na katika wimbo wangu wote alikuwa ameshika maneno mawili tu, Walungu na viazi. Redio nayo alikuwa ameisikia. Kwake, watu wanaofika na matawi na ngoma siku mtoto wake anapoongezewa kazi hawawezi kuwa na sababu ya pili.

Akamwona mpiga ngoma na valizi.

"Na zawadi mumeleta! Koko, koko," akashukuru kwa Mashi, akaichukua valizi mkononi mwake, akaifungua. Ndani hamkuwa na kitu. Akapapasa kitambaa cha ndani kwa kiganja. "Mupya kabisa. Atasafiria nayo na timu. Nyamuzinda, Mungu wetu, abalinde."

Mpiga ngoma aliniangalia. Mimi nikaangalia matope kwenye viatu vyangu. Hapo palikuwa na nafasi ya mtu mzima mmoja kusema: Mama, samahani, tumekosea nyumba. Kati ya watu thelathini hakupatikana.

Kisha akatoka mke wa kocha kutoka nyuma, na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Alisimama pembeni ya mlango. Aliangalia valizi, akaangalia matawi, akaniangalia mimi. Huyu alikuwa anakuja uwanjani. Wimbo aliujua wote, mpaka mwisho. Nilimwona anavuta pumzi, nikadhani sasa yanamwagika. Lakini mama mkwe alikuwa ameshaanza kumwita kwa jina la nyumbani, alete viti, alete chochote kilichopo, wageni wamesimama!

Mke wa kocha aliweka kisu chini na kwenda kwa majirani kuazima viti.

Tukaketi. Wengine kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye ngazi za udongo. Chakula kilikuwa cha jioni yao, kinajulikana kwa macho: samaki wadogo wa sambaza waliokaangwa, ndizi, sufuria ya viazi vitamu. Mama mzee aligawa kwa mkono wake mwenyewe, kila mtu kidogo, na kila aliyepewa alipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Valizi aliipandisha juu ya meza ya sebuleni, kwenye kitambaa cha kufumwa, ili ionekane kutoka nje.

Alipomaliza kugawa, akakaa kwenye kizingiti, akasema kwa sauti ya chini iliyotufanya sote tuinamie mbele:

"Mimi nilikuwaka naogopa. Kule kwetu waliniambia, kazi ya mupira ni matusi tu, siku moja watamupiga mutoto wako. Nilikuja hapa kwa docta wa macho, lakini kusema kweli, nilikuja kuona. Sasa nimeona. Nitarudi nalala vizuri."

Mtu mmoja nyuma alikohoa, na nadhani hakuwa na kikohozi.

"Sasa muimbe tena," akasema. "Nataka niishike, niipeleke kwetu."

Mke wa kocha alikuwa ananiletea sahani ya pili ambayo sikuiomba. Aliinama kama anayeiweka vizuri magotini mwangu.

"Maman," akaninong'oneza, "imba vizuri."

Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananiomba.

Nikasimama. Sauti ya wimbo niliiacha ile ile, maneno nikayageuza pale pale:

*Coach, pokea valizi,*
*njia ya mbele iko wazi.*
*Timu yetu utaiinua,*
*mama alikulisha viazi.*

Mara ya kwanza waliokaa nyuma hawakuelewa, wakaanza na maneno yao ya zamani. Mpiga ngoma akaipiga ngoma kwa nguvu ya kuzika sauti zao. Mara ya pili walishika. Mara ya tatu mama mzee alikuwa katikati ya ua mdogo, anacheza na mabega, polepole, macho yake mabovu yamefumba.

"Ni kweli!" akapaza sauti tulipofikia mstari wa mwisho. "Viazi ndio ilimukomaza! Nani aliwaambia?"

Kocha alifika tukiwa hapo. Alikuwa amevaa lile koti, na mikate ndani ya sachet ya plastiki chini ya kwapa. Bila shaka sauti ilikuwa imemfikia toka bondeni, na sauti ya wimbo ilikuwa ile ile. Alisimama penye uzio wa matete, uso umekaza, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyepanda haraka akijiandaa kukuta madirisha yamevunjwa. Ngoma ilikufa. Mama yake alimkimbilia, akamshika mkono, akamvuta kati yetu.

"Angalia batu yako! Angalia valizi walikuletea! Na wimbo! Sikiliza wimbo!"

Ikabidi niimbe tena, mbele yake. Niliimba nikiangalia kifungo cha koti. Ubeti ulikuwa mfupi. Siku ile haukutaka kwisha.

Alisikiliza wote. Kisha akatazama valizi juu ya meza, akamtazama mke wake, na mke wake akatikisa kichwa kidogo sana, kuonyesha kwamba mama hajui.

"Aksanti ya kutufikia," kocha akasema.

Akatuzungukia mmoja mmoja, akitupa mkono. Aliponifikia mimi aliushika wangu zaidi kidogo.

"Ni weye unatungaka nyimbo?"

"Ndiyo, papa."

"Uko na sauti muzuri."

Akapita kwa mwingine.

Alitusindikiza mpaka barabarani, kama mwenye nyumba anavyosindikiza wageni. Huko chini, ambako mama yake hakuweza kusikia, tulidhani sasa atafungua moyo. Mmoja wetu alianza, "Coach, sisi kusema kweli..."

"Najua mulikuja kufanya nini," akasema. "Mama anarudi Walungu juma ijayo. Mpaka aende, ile ingine musiiimbe huku. Kule uwanjani muimbe vile munataka."

Hakupandisha sauti. Alikuwa tayari amegeuka kuondoka pale mpiga ngoma alipothubutu.

"Na valizi, coach..."

"Iko ya nani?"

"Ya bibi yangu."

Kocha akaonyesha nyumba kwa kidevu. "Panda uiombe kwa mama."

Hakupanda.

Tulishuka bila kuimba. Mtu alitupa tawi lake kwenye mtaro, kisha mwingine, mpaka sote tukawa mikono mitupu. Penye njia panda tuliachana bila kuagana. Nyumbani mume wangu aliniuliza kama tumemfukuza. Nilimwambia hatukumkuta. Nikamwekea bugali, nikasema mimi nimeshakula, na kati ya maneno yote niliyomwambia jioni ile, hilo lilikuwa la kweli peke yake.

Usiku nilikuwa narudia mstari ule wa viazi. Kumtukana mtu kwamba aende kulima viazi! Mimi, ambaye mama yangu alilima milima ya Kabare mpaka vidole vikapinda, na kwa jembe hilo nikajifunza cherehani. Maneno hayo yalikuwa yamenitoka kirahisi kwa sababu yalikuwa na vina, na watu walikuwa wanacheka. Sikuwa nimeyasikiliza hata mara moja.

Mama mzee alirudi kwao na valizi ile. Mpiga ngoma alimwona kwenye kituo cha magari ya Walungu, valizi imejaa, amekaa juu yake anangoja gari lijae. Mama huyo alimtambua kwa sauti akamwita amsaidie kuipakia. Aliipakia. Kwa mkewe alisema imeibwa.

Msimu mpya ulipoanza tulifungwa mechi ya kwanza, mbili bila. Bado nusu ya kipindi cha pili, watu wa upande wa juu walianza wimbo, maneno ya zamani. Jukwaa likanigeukia, maana wimbo wa mtu unaongozwa na mwenyewe. Nilishika koo, nikaonyesha kwamba sauti imekauka. Mpiga ngoma aliniangalia, fimbo hewani. Nilifikiri akiweka fimbo chini, nami nitasimama niwaambie kila kitu, nyumba ya mbao, sambaza, yote. Hakuiweka. Alipiga, polepole, bila moyo. Nami nikainama kukaza kitenge changu ambacho hakikuwa kimelegea, na nikabaki nimeinama mpaka wamalize. Wale thelathini walikuwa wametawanyika jukwaani, najua sura zao. Wengine waliimba. Hatujawahi kulizungumza, hata tukikutana wawili peke yetu.

Kocha alimaliza miaka yake miwili. Hatukushuka daraja, hatukubeba kombe.

Katikati ya miaka hiyo miwili, siku moja asubuhi, mke wake aliingia atelye yangu na kitenge cha kushonwa. Sijui nani alimwelekeza. Hatukusema juu ya kitu chochote. Nilimpima mabega, nikampima kifua, anainua mikono na kuishusha kama mteja yeyote. Nilipokuwa nimezungusha futi kiunoni mwake, akasema:

"Mama anakuulizaka. Kule Walungu wanaimba wimbo yako kanisani, siku ya mavuno. Anataka kujua kama iko na beti ingine."

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake. Nikashukuru kwamba hanioni.

"Umwambie ninamusalimia," nikasema.

"Nitamwambia."

Nikasoma futi, na namba ikanitoka kichwani kabla sijaiandika. Ikabidi nimwombe anyooke, nimpime tena.