Kijani cha Kiganja

Jirani yangu, mwanamke msanii wa Kichina, alichora juu ya mabamba ya shaba. Karakana yake ilikuwa gereji ya zamani nyuma ya nyumba yetu jijini Brussels, hatua chache kutoka barabara ya Ixelles. Alipaka rangi ya mafuta, akamwaga lami, akakaza nyaya kwa skrubu. Aliponiomba niandike maelezo ya maonyesho yake, nilijaza kurasa mbili za Mashariki kukutana na Magharibi. Sikumuuliza swali hata moja.

Ningeuliza, ningejua habari za bamba kubwa la ukutani. Baba yake, aliyezeeka katika kiwanda cha mabomba ya shaba, alikuja kumtembelea mara moja tu. Akaweka kiganja juu ya bamba hilo, kama alivyozoea kukagua shaba kiwandani. Jasho likafanya kazi yake polepole. Baada ya miezi kadhaa, alama ya vidole vitano ikaota kutu ya kijani. Binti akachora pande zote, mahali pale akapaacha wazi.

Baba yake alipofariki, msanii alisafiri kwenda kumzika, akaniachia ufunguo wa karakana nimwagilie mimea yake.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu msiba ukiingia, vyombo vya shaba husuguliwa, maana wageni watakunywa kahawa, na dele la kahawa lenye kutu ni aibu ya ukoo mzima. Mama alitumia ndimu na majivu. Brussels majivu sina, nikatumia limau na chumvi. Nikaona nimpokee mfiwa kwa heshima. Nilisugua pale palipoachwa wazi kwenye bamba la ukutani asubuhi nzima, nikajisifu kwamba rangi yake sikuigusa hata tone. Ile kutu ya katikati ilikuwa sugu.

Mama mmoja wa Lubumbashi, anayekaa ghorofa ya chini, alipita mlangoni akasimama. Amezaliwa penye migodi ya shaba.

"Bon, professeur, na masomo yako yote ile, unaenda kusugua tableau ya muntu?"

Nilicheka; kwake bamba lenye kutu lilikuwa tableau, picha. Nikamweleza kwa kirefu adabu za msiba za pwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaenda zake na mifuko yake ya soko.

Msanii alirudi siku ya tatu baada ya usafi wangu, koti bado liko mwilini. Nilimtangulia karakanani kama mwenye nyumba. Katikati ya bamba paling'aa kiasi kwamba tulijiona hapo sote wawili. Nilisubiri ashukuru.

Hakupaza sauti. Aliniambia kwa Kifaransa chake cha polepole habari za baba yake na kiganja, kwa utaratibu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeandika maelezo ya maonyesho vizuri kuliko mimi. Nilisema samahani kwa lugha tatu. Kisha akauliza nilianzia kusugua wapi. Nikamwonyesha. Akainua mkono wake mbele ya bamba bila kuligusa, akausogeza huku na huku, akitafuta kidole gumba cha baba yake kilikuwa urefu gani.

"Kitambaa ulichosugulia," akasema. "Kiko wapi? Kijani kitakuwa humo."

Nikamwambia nilikuwa nimekifua. Kwa maji ya moto, mara mbili, nikakianika.

Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni na koti lake, akalia.